AFYA YA NYUMBANI: Mkono Ufao Ganzi na Upasuaji wa Kifundo

Mkono mmoja haulei mwana, walisema wazee. Na ukweli wa maneno hayo hauonekani wazi mpaka mkono mmoja uanze kushindwa na kazi. Mama akamuaye ng'ombe alfajiri huko Kinangop, mchuma chai wa Kericho, fundi cherehani, karani apigaye chapa, seremala na mwashi, wote hao hula kwa mikono yao. Kwa hiyo mkono ukianza kufa ganzi kila usiku, si jambo la kunyamaziwa, wala si jambo la kutishika nalo kupita kiasi. Tiba iko, na kwa wengi tiba ya mwisho ni upasuaji mdogo wa kifundo cha mkono, ambao kwa kawaida hauchukui hata nusu saa. Lakini upasuaji huo ni kama kupanda mahindi: kupanda kwenyewe ni kazi ya muda mfupi, bali kulima kabla yake na kupalilia baada yake ndiko kuletako mavuno. Daktari hutimiza kazi yake kwa dakika chache. Kazi ya siku nyingi iliyobaki ni ya mgonjwa mwenyewe na watu wa nyumba yake.

UGONJWA WENYEWE

Kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane, iliyopangwa safu mbili. Upande wa kiganja mifupa hiyo hufanya mfano wa mfereji, na mfereji huo umefunikwa kwa ukanda mgumu usiotanuka. Ndani yake, katika njia ambayo madaktari huiita handaki la kapali, hupita kano tisa zikunjazo vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Mshipa huo ndio uletao hisia katika kidole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete. Tena ndio uamrishao misuli mingi iliyo katika shina la gumba. Basi vilivyomo ndani vikivimba, nafasi haipo. Mifupa haisogei, ukanda hautanuki, na mshipa wa fahamu ndio ubanwao.

Mgonjwa huamka usiku wa manane, vidole vikimchoma kama vilivyotiwa sindano nyingi. Huukung'uta mkono kama mtu akung'utaye maji, ukatulia. Akarudi kulala, na baada ya muda ukaanza tena. Kidole cha mwisho kwa kawaida husalimika, kwa sababu hutumikiwa na mshipa mwingine usiopita katika handaki hilo. Siku zikizidi kupita, ganzi huja hata mchana, mtu ashikapo usukani, simu au jembe kwa muda mrefu. Hatimaye hudondosha vikombe, hushindwa kufunga vifungo vya shati, wala hawezi kutambua kwa vidole tu kama sarafu iliyo mfukoni ni ya shilingi 5 au ya shilingi 10.

Ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Huwapata sana wajawazito, wenye kisukari, wenye baridi yabisi, na wale ambao tezi yao ya kooni hufanya kazi kwa ulegevu. Kazi za kushika kwa nguvu na kurudia jambo lile lile mchana kutwa, na vyombo vitetemeshavyo mkono, huongeza hatari yake.

Wala si ugonjwa wa juzi. Sir James Paget, daktari mpasuaji wa London, alieleza habari za mshipa huu kubanwa kifundoni mwaka 1854. Mwaka 1933 Sir James Learmonth aliandika habari za kuukata ule ukanda ili kuufungulia mshipa nafasi. Na katika miaka ya 1950 George Phalen, daktari wa Cleveland huko Marekani, aliwafundisha madaktari wengi kuutambua. Mpaka leo jina lake hutajwa katika jaribio moja jepesi: mgonjwa hukunja vifundo vyake kuelekea chini kwa muda wa sekunde 60, na vidole vikianza kuchoma au kufa ganzi, daktari hupata ishara ya kumwongoza. Jaribio hilo peke yake si hukumu. Daktari huliunganisha na dalili nyingine, na pengine huupima mshipa kwa mashine ya umeme mdogo.

HATARI YA KUNGOJA

Wako wanaosema kwamba mkono wa namna hii umerogwa, wakachanjwa chale kifundoni. Na wako wanaodhani ni uchovu tu utakaokwisha mavuno yakiisha. Hao wa kwanza hujiongezea kidonda, na hao wa pili hupoteza wakati. Mshipa uliobanwa kwa muda mfupi huweza kupona kabisa ukifunguliwa. Bali uliobanwa miaka mingi huanza kufa. Nyama iliyonona chini ya kidole gumba hunyauka, mahali pake pakabonyea, na gumba likakosa nguvu ya kukabili vidole vingine. Ikifika hapo, hata upasuaji mzuri huenda usirudishe nguvu yote iliyopotea. Tena vidole visivyohisi moto huungua jikoni kabla mwenyewe hajatambua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili ziko kuta ambazo fundi hawezi kuzijenga tena.

Hata hivyo si kila mkono ufao ganzi hupelekwa kwenye kisu. Ugonjwa ukiwa mwepesi, daktari huanza kwa kumpa mgonjwa banzi la kuvaa usiku kwa wiki kadhaa, ili kifundo kisijikunje usingizini. Wengine hupigwa sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe. Mjamzito mara nyingi huambiwa avumilie na kuvaa banzi, kwa maana wengi hupata nafuu baada ya kujifungua. Upasuaji hushauriwa pale ambapo njia hizo zimeshindwa, au ganzi haiondoki usiku wala mchana, au nyama ya gumba imeanza kunyauka.

MATAYARISHO YA MGONJWA

Jambo la kwanza ni kusema kweli yote mbele ya daktari. Mgonjwa amweleze dawa zote anazotumia, hata zile za miti shamba. Amweleze kama alipata kudhurika kwa dawa yo yote, au kwa sindano ya ganzi, au kwa plasta ya kubandika. Atumiaye dawa za kuzuia damu isigande asiziache kwa shauri lake mwenyewe wala kwa shauri la jirani, kwani kuziacha kwaweza kuleta hatari kubwa kuliko upasuaji wenyewe. Daktari ndiye atakayemwambia la kufanya. Mwenye kisukari ajitahidi kukishusha mapema, kwa sababu sukari iliyozidi hukawiza kidonda kupona na kukaribisha usaha. Mvutaji wa sigara ataufanyia mkono wake wema mkubwa akiacha, kwani moshi hupunguza damu ifikayo kidondani.

Jambo la pili ni kuuliza. Mgonjwa ana haki kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, ni nini kitakachofanywa, faida yake ni nini na hatari zake ni zipi, kabla hajatia sahihi au alama ya kidole katika karatasi ya kukubali. Hatari hizo ni chache lakini ziko: kidonda kuingia vijidudu, damu kutoka, vidole kukakamaa, kovu kuuma, na kwa nadra sana mshipa wa fahamu kujeruhiwa. Aulize pia habari za malipo mapema. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilishika mahali pa NHIF katika Kenya. Basi yafaa kuhakikisha kwa karani wa hospitali kwamba jina limeandikishwa, michango imelipwa, na ni sehemu gani ya gharama itakayobaki juu ya mgonjwa. Ni heri kuyajua hayo wiki moja kabla kuliko kuyajua mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Ikiwa mikono yote miwili inaumwa, mara nyingi hupasuliwa mmoja kwanza, ule uliozidi kuumwa, ili mwingine ubaki kumhudumia mwenyewe. Katika siku za kungoja, mgonjwa ajizoeze kuutumia huo utakaobaki: kula, kuoga, kujifunga nguo, kupiga mswaki na kwenda chooni. Jambo hili huonekana dogo, lakini aliyejizoeza hatapata fedheha wala taabu siku zitakapofika.

MATAYARISHO YA NYUMBA

Hapa ndipo wengi hukosea. Mgonjwa huenda hospitali asubuhi, akarudi jioni mkono umefungwa, na kesho yake kuni hazijapasuliwa, mtungi hauna maji, na ng'ombe wanalia zizini. Atafanya nini ila kuingia kazini kwa mkono ule ule?

Kwa hiyo siku ya upasuaji, kama hakuna dharura, ichaguliwe kwa busara. Isiwe katikati ya palizi wala katika juma la kuvuna. Kabla yake unga usagwe, kuni zipasuliwe na kupangwa, nguo nzito zifuliwe, na maji yatekwe. Vitu vya kila siku vishushwe kutoka rafu za juu. Atakayekamua ng'ombe aanze siku kadhaa mapema, ng'ombe amzoee, kwa maana ng'ombe akishtushwa na mkono mgeni huweza kuyazuia maziwa. Nguo zenye vifungo vidogo na mikono ya kubana ziwekwe kando. Shati pana, au kanga na gauni pana, ndiyo mavazi ya siku hizo.

Tena baba wa nyumba ajue, na watoto wakubwa wajue, kwamba mama atakaporudi akitembea kwa miguu yake hana maana kwamba amepona. Mguu uliovunjika huonekana na kila mtu, akahurumiwa mwenyewe. Bali kifundo kilichopasuliwa hufunikwa na bendeji ndogo, na watu humwona mwenyewe kama mvivu. Nyumba isiyoelezwa mapema humlazimisha mgonjwa kuharibu kazi ya daktari. Kadhalika mwajiri aelezwe, na karatasi ya ruhusa ya daktari ipatikane kwa wakati.

SIKU YA UPASUAJI

Mgonjwa aoge na kuosha mikono vizuri kwa sabuni. Kucha zikatwe, rangi ya kucha iondolewe, na katika siku zile asipake hina vidoleni, ili madaktari waione rangi halisi ya vidole. Pete, bangili na saa zibaki nyumbani, kwa sababu mkono huvimba na pete huweza kukwama. Asijinyoe malaika za mkono kwa wembe, kwani mikwaruzo midogo ni mlango wa vijidudu.

Kwa habari ya chakula, amri ya hospitali ifuatwe. Wengi hutiwa ganzi mkono tu, na huenda wakaruhusiwa kula. Lakini atakayelazwa usingizi kwa dawa huambiwa akae bila chakula kwa saa kadhaa, na kudanganya katika jambo hilo ni kuhatarisha maisha. Tena aje na mtu wa kumrudisha nyumbani.

Daktari atautia alama ya wino mkono utakaopasuliwa. Mara nyingi mkanda wa kubana damu, mfano wa ule wa kupimia shinikizo la damu, hufungwa juu mkononi. Sindano ya ganzi huuma kwa muda mfupi. Baada ya hapo mgonjwa huweza kuhisi kusukumwa na kuguswa, lakini si maumivu ya kisu. Akihisi maumivu aseme mara moja, asijikaze kwa heshima. Katika njia iliyozoeleka, daktari hupasua ngozi kwa urefu wa sentimita 3 au 4 karibu na shina la kiganja, akaukata ule ukanda mgumu, akashona ngozi na kufunga bendeji. Wengi hurudi nyumbani siku ile ile.

SIKU KUMI NA NNE ZA KWANZA

Ganzi hudumu saa kadhaa, na wakati huo mkono usikaribie jiko wala chai ya moto. Dawa ya maumivu aliyopewa mgonjwa imezwe kabla ganzi haijaisha kabisa, asingoje mpaka maumivu yamshinde.

Katika siku mbili tatu za kwanza mkono uwekwe juu kuliko moyo kadiri iwezekanavyo: akiketi, uegemezwe kifuani au juu ya mito, akilala, mto uwekwe chini yake. Mkono uninginiao huvimba, na uvimbe ndio mama wa maumivu. Lakini kuinua mkono si kuufunga shingoni kutwa kucha, kwa maana bega na kiwiko vitakakamaa. Na vidole visilale. Tangu siku ile ile ya kwanza mgonjwa avikunje vyote kufanya ngumi, kisha avinyoshe kabisa, mara 10 hivi, akirudia kila saa awapo macho. Mtu aogopaye kuvitikisa vidole kwa kudhani anakilinda kidonda, hujikuta baada ya wiki chache ana kidonda kilichopona na mkono usiokunjika.

Bendeji ibaki kavu. Wakati wa kuoga mkono uvishwe mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Kidonda kisipakwe majivu, udongo, dawa ya meno wala majani yaliyopondwa. Kazi nyepesi zaruhusiwa kadiri mgonjwa awezavyo: kula, kuandika kidogo, kufunga kifungo. Kikombe cha chai atakiinua. Bali kusonga ugali, kukamua nguo, kukamua ng'ombe na kubeba mtungi wa maji wa lita 20, ambao ni uzito wa kilo 20, mambo hayo asiyaguse. Nyuzi hutolewa hospitalini, mara nyingi baada ya siku 10 hadi 14. Asizikate mwenyewe nyumbani.

KURUDI KAZINI

Nyuzi zikiisha kutolewa na ngozi ikiwa imefunga vizuri, kovu lisuguliwe taratibu kwa kidole na mafuta, dakika chache, mara kadhaa kwa siku, ili lilainike. Wengi hushangaa kwamba shina la kiganja linawauma wajiinuapo kitini kwa kukandamiza mkono, au wasukumapo mlango. Maumivu hayo ni ya kawaida, wala si ishara kwamba upasuaji umeshindwa. Hupungua kwa miezi, aghalabu mitatu, na kwa wengine hufika sita. Nguvu ya kushika nayo hurudi kwa mwendo huo huo.

Karani na mwalimu huweza kurudi kazini baada ya wiki moja au mbili, wakianza polepole. Mwenye kazi ya mikono huhitaji wiki sita hivi, na kazi nzito za jembe, shoka na nyundo huenda zikahitaji zaidi. Mwendesha gari au bodaboda asirudi njiani mpaka aweze kushika usukani na breki kwa nguvu bila kusitasita, kwa kuwa hapo si mkono wake tu ulio hatarini. Haraka haraka haina baraka: wiki tatu alizoziiba mtu katika kupona huweza kumlipisha miezi.

Kwa habari ya ganzi, kila mgonjwa ana saa yake. Kuchomwa kwa usiku mara nyingi huondoka upesi, hata katika siku za kwanza, na wengi husema kwamba huo ndio usingizi wao wa kwanza mzuri tangu siku nyingi. Lakini vidole vilivyokuwa na ganzi ya kudumu huchukua miezi kuamka, na vile vilivyongoja miaka huenda visiamke vyote.

WAKATI WA KURUDI HOSPITALI UPESI

Mgonjwa asingoje siku ya miadi aonapo mojawapo ya mambo haya: wekundu unaoenea kando ya kidonda, joto, usaha au harufu mbaya, homa, damu isiyokoma baada ya kubonyezwa kwa dakika 10 mkono ukiwa umeinuliwa, vidole kugeuka rangi, kuwa baridi, au kufa ganzi upya baada ya ile ya sindano kwisha, maumivu yanayozidi kila siku badala ya kupungua, au vidole kukataa kukunjika. Ikiwa bendeji imebana kupita kiasi, apige simu au aende mara moja.

Mambo yote hayo hayahitaji elimu kubwa wala fedha nyingi. Yahitaji kwenda kwa daktari wakati gumba lingali na nyama yake, kuwaeleza watu wa nyumbani kabla ya siku kufika, na kuvumilia wiki sita bila kuona haya. Jirani atakayekwenda kumkamulia mama mmoja ng'ombe kwa muda huo atakuwa amefanya sehemu ya upasuaji ambayo hakuna daktari awezaye kuifanya.